Jinsi ya kuisikiliza The Earthworm na vijana wa kanisani hapa Unguja

Kwanza kabisa msianze kwa kuulizana mistari inahubiri nini, hapo ndo wengi wanapoharibu. The Earthworm ni albamu ya kundi la rap la LPG, yaani Dax na Jurny Big wa kule California, imetoka 1995 na inahesabiwa ndo albamu ya mwanzo ya hip hop ya Kikristo ya andagraundi, yaani ile ya mtaani, nje ya kampuni kubwa za muziki. Rap ya Kikristo ilikuwepo zamani, Stephen Wiley alishatoa Bible Break 1985, lakini nyingi ilikuwa kama somo la sande skuli limewekewa biti, wazee wanafurahi, kijana wa mtaani hata hageuki. LPG wao walichana kama watu wanaotaka kumshinda kila mtu maikini na imani imo humohumo, na hio kwangu mie ndo maana yake kubwa, kwamba ukiokoka hushushi kiwango.

Sasa fanyeni hivi. Mwenye bando aitafute na kuishusha mapema, alafu tafuteni chumba cha kanisa jioni, spika ndogo inatosha, na azana ikianza zimeni mpaka imalize, ndo adabu ya mtaa wetu. Mzunguko wa kwanza sikilizeni tu, simu chini, hakuna kutafsiri.

Mzunguko wa pili chagueni nyimbo moja tu, na hapa msifanye haraka. Anaesikia Kiingereza vizuri aandike mistari minne kwenye karatasi kubwa, alafu kila mtu atie duara pale anaposikia kina. Sie tumesomeshwa mashairi skuli, tumezoea vina vikae kati na mwisho, hawa utavikuta mwanzoni, katikati, viwili viwili, vingine vinaruka mstari mzima ndo vinarudi. Irudieni hadi kila mtu avisikie mwenyewe bila kuonyeshwa kidole. Maana ya maneno inakuja baada ya hapo na itawaingia zaidi.

Alafu andikeni yenu, kwa Kiunguja chetu, msiige lafudhi ya Marekani tafadhalini. Mistari minne inatosha, iwe ya maisha yako kweli, daladala, ada, kuwa Mkristo mmoja darasa zima, na Mungu atajwe pale unapomuhitaji, sio kujazia kina. Los Angeles enzi zile kulikuwa na sehemu ya kuchania inaitwa Good Life Cafe, matusi marufuku kabisa, na ukichana ovyo ukumbi mzima unakwambia pitisha maiki. Chukueni sheria zote mbili, ila anaeanza mpeni nafasi ya pili.

Mkiimaliza The Earthworm nendeni kwenye Experience, albamu ya kundi la Tunnel Rats, 1996, LPG wamo humo na wenzao, na kikao kijacho kila mtu aje na mistari minane alohifadhi kichwani, karatasi ibaki nyumbani.