Kuendesha Nyumba ya Wageni Watalii Wanapoadimika
Kabla ya kupunguza bei, piga hesabu ya gharama za kumhudumia mgeni kwa usiku mmoja, yaani ufuaji wa mashuka, umeme, maji na kamisheni ya wakala, kwa kuwa chumba kinachouzwa chini ya kiasi hicho hukutia hasara kuliko kinachobaki kitupu. Ni afadhali kumpunguzia anayekaa wiki nzima, maana mashuka yake hayabadilishwi kila siku. Ghorofa isiyo na wageni ifungwe, lakini isisahauliwe: kila wiki fungulia mabomba yake yote kwa dakika kadhaa, kwani bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, huzaliana katika maji yaliyotuama yenye nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi. Wafanyakazi nao waambiwe mapema kama zamu zitapungua. Fununu huwakimbiza kwanza walio hodari.