Kabla Hujawasha Kamera: Video ya Mazoezi kwa Wateja

Nafundisha mazoezi ufukweni Shela, Lamu, alfajiri maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza. Wateja wakirudi makwao huniomba video ya kuendelea nayo. Kurekodi ni kazi ya asubuhi moja. Makaratasi ndiyo yenye shughuli.

Hatua ya 1: Andikianeni na mpiga video. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyomwagiza mtu huhesabiwa yako, ila mkiwa mmekubaliana vinginevyo. Lakini maneno ya barazani kila mtu huyakumbuka kwa upande wake. Ukurasa mmoja watosha: bei, siku ya kukabidhi, nani anabaki na faili, na kama yeye anaweza kujitangazia nayo.

Hatua ya 2: Muziki. Hapa ndipo nilipoumia. Nilitia wimbo unaovuma, nikijua leseni ya kupiga muziki darasani ninayo. Kesho yake YouTube ikanyamazisha video, na mteja akaniandikia: "Mwalimu, mbona umekuwa bubu?" Leseni ile ni ya kupigia watu muziki hadharani. Kuubandika wimbo kwenye picha ni ruhusa nyingine, nayo huombwa kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi, ambao mara nyingi si mtu mmoja. Kuununua kwenye simu hakukupi haki hiyo. Siku hizi namlipa kijana wa mtaani anipigie chapuo, tunatiliana saini, na mdundo wake ndio ninaohesabia pushapu.

Hatua ya 3: Nyuso. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kila anayeonekana asaini ridhaa inayotaja video itawekwa wapi, na ajue anaweza kuiondoa ridhaa hiyo. Mtoto huridhiwa na mzazi au mlezi. Wapita njia nao wamo. Mama mmoja alipita nyuma yangu na buibui lake, sekunde nne hivi. Kaka yake akanifuata hadi mlangoni, na haki ilikuwa yake. Sasa namweka mtu pembeni kazi yake ni kupiga mluzi.

Hatua ya 4: Afya. Uliza kwa maandishi kuhusu moyo, presha, mgongo na mimba. Mwanzoni mwa video sema wazi: ukihisi kizunguzungu au kifua kubana, acha. Onyo hilo halikuokoi ukifundisha vibaya. Wala usiahidi kilo kumi kwa mwezi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza madai ya uongo.

Hatua ya 5: Vibali. Jina la biashara lisajili eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chukua leseni ya kaunti, na uulize mapema kibali cha kurekodi. Droni haipai bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hatua ya 6: Bei. Kwenye risiti andika kwamba mteja amenunua ruhusa ya kuitazama yeye, si kuitupia grupu la WhatsApp la shangazi zake.