Mtoto mdogo anahitaji masaa matatu ya purukushani kwa siku, hata kama mnaishi chumba kimoja

Wazazi wengi tukiona mtoto katulia kimya na simu tunasema huyu ana adabu, yule anayeruka kwenye kochi toka asubuhi tunasema mtundu, kashindikana. Mi naona tumegeuza mambo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka mitano, unasema mtoto akishafika mwaka mmoja anatakiwa awe anajishughulisha na mwili dakika 180 kwa siku, na wa miaka mitatu na minne kati ya hizo angalau dakika 60 ziwe za kuhema kweli kweli, mbio na jasho. Tv na simu mtoto wa mwaka mmoja kurudi chini asiangalie kabisa, wa miwili mpaka minne isizidi saa moja.

Sasa usiogope, hayo masaa matatu hayafanywi kwa mkupuo. Kwenda dukani kwa miguu yake kufata chumvi imo, kufukuza kuku imo, kukusaidia kusukuma galoni tupu mpaka bombani imo. Kwaiyo kazi yako ya kwanza ni kuacha kumbeba kila sehemu, mwache atembee hata kama mtachelewa kidogo. Mwongozo huo huo unasema asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kiti au mgongoni kwa kanga, najua hapo wamama wa sokoni mtanuna ila hata kumshusha akatambaa kwenye mkeka dakika kumi afu ukamrudisha inasaidia.

Tuanze na kichanga. Kabla hajatambaa mlaze kifudifudi akiwa macho na wewe uko hapo hapo, dakika mbili tatu, kidogo kidogo mpaka zifike nusu saa kwa siku nzima. Usimlaze hivyo akitoka tu kunyonya atacheua. Akilia lala chini na wewe muangaliane, au weka kifuniko cha sufuria kinachong'aa mbele yake akihangaikie. Hapo ndo shingo, mabega na mgongo vinakaza. Ila kulala usingizi ni chali siku zote.

Na hapa niseme, ile woka ya kumkalisha mtoto ndani yenye matairi achana nayo. Haimfundishi kutembea, anasukuma tu kwa vidole, na anafika kwenye jiko la mkaa au ngazi kabla hujageuka. Kanada walipiga marufuku kuziuza toka 2004. Kama una hela ya kumnunulia kitu, fundi seremala akutengenezee kile kigari cha mbao cha kusukuma kwa kusimama, au mpe tu stuli ya plastiki aisukume sebuleni, raha ni ile ile.

Wa miaka mitatu na kuendelea ndo utamu ulipo maana anaelewa sheria za mchezo. Ukuti, kombolela, kukimbizana, rede ya mpira wa soksi (ukijaza matambara haumuumizi mtu). Chora vyumba chini kwa mkaa aruke, mwanzo ataruka na miguu yote miwili, mguu mmoja utakuja wenyewe karibu na miaka minne. Kama hamna uwanja toa meza ya katikati, tandika godoro chini, apite chini ya viti kama nyoka, apande mito, afu weka bongo fleva, ukizima mziki kila mtu anaganda. Cheza na wewe, mtoto hachangamki akiona mama kakaa anachat. Unajua imekolea akiwa anahema juu juu na bado anacheka.

Kuna wazazi wanalalamika mwanangu hajui kushika penseli, wanamkalisha aandike a e i o u mpaka analia. Vidole vinategemea bega na mgongo uliokaza, na hivyo vinakazwa na kuning'inia kwenye tawi la mwembe, kuchimba mchanga, kukamua nguo. Kwenye kombolela hapo hapo anahesabu, anasubiri zamu, anakubali kukamatwa, na hilo la mwisho watu wazima wengi limewashinda 😂. Mwanga wa nje nao unasaidia macho yasije yakawa yanaona vya karibu tu.

Watoto wa kike tunawabana sana, kaa vizuri, funga miguu, unachafua gauni. Mvalishe bukta ndani ya gauni umwache apande.

Kwa joto la Dar cheza asubuhi kabla jua halijawa kali au kuanzia saa kumi jioni, na maji ya kunywa yawepo. Avae ndala kama ardhi ina unyevu au vyoo viko jirani, minyoo ya safura inapenya kwenye ngozi ya mguu, na dawa ya minyoo kila miezi sita asikose. Kabla hujawaachia kagua uwanja: ndoo zenye maji zimwage au funika kwa mfuniko unaobana, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya ndoo tu. Chemba isiwe wazi, geti lifungwe sababu ya bodaboda.

Wa kwako kaganda na simu? Usimpokonye ghafla utaleta vita, mwambie katuni hii ikiisha tunatoka, ikiisha kweli mtoke wote, na simu ikachajiwe chumbani asikoiona. Siku mbili tatu za kwanza atanuna, vumilia.

Mtoto asiyeweza kutembea naye acheze, akae kwenye mkeka mrushiane puto, achezee maji, wenzake wamzunguke badala ya yeye kuwa mtazamaji. Na kama mtoto wako kafika miezi 18 hajatembea mwenyewe, au alikuwa anatembea akaacha, usisubiri majirani wakuambie kuna watoto wanachelewaga, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo na kadi yake.