Somo: Namna ya kuchagua katriji ya hali ya juu kwa santuri zako

Wapenzi wa santuri, salaam. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Mwalimu, hela ipo, ninunue katriji gani?" Kabla ya kutaja jina lolote huwa nataka kujua mambo matatu: una santuri zipi, amplifaya yako inapokea nini, na mkono wa mashine yako ni mzito kiasi gani. Katriji ni kile kichwa kidogo kinachobeba sindano. Ghali iliyowekwa kwenye mkono usioifaa itakuudhi kuliko ya bei ya kati iliyofungwa vizuri. Nimeliona hilo majumbani mwa watu wengi, na kwangu pia.

Hatua ya 1: Sikiliza wimbo wa mwisho

Chukua LP (santuri kubwa ya nyimbo nyingi) unayoijua kwa moyo. Cheza wimbo wa kwanza, kisha nenda moja kwa moja kwenye wa mwisho, ule unaopakana na karatasi ya katikati. Sikiliza "s" na "sh" za mwimbaji. Mwanzoni anatamka "sisi" ikatoka safi. Mwishoni "sisi" hiyohiyo inatoka kama mafuta yanayochemka. Spika hazina kosa hapo. Santuri inazunguka kwa kasi ileile, lakini mzunguko wa ndani haufiki nusu ya urefu wa mzunguko wa nje, kwa hiyo mawimbi ya sauti yaliyochongwa kwenye mfuo (ule mfereji mwembamba ambamo sindano hupita) yamebanwa. Ncha nene inapita juu ya kona bila kuzifuata.

Kama tatizo lako ni hilo, tayari unajua hela yako iende wapi: kwenye umbo la almasi, yaani ncha ya sindano.

Hatua ya 2: Chagua ncha kabla ya jina

Ncha ya mviringo ndiyo rahisi na ndiyo mvumilivu. Ya duaradufu inaingia ndani zaidi. Juu yao zipo ncha za mstari mwembamba, pamoja na Shibata, iliyobuniwa Japani kwa ajili ya santuri za chaneli nne miaka ya 1970. Hizi zinagusa ukuta wa mfuo kwa mstari mrefu kuanzia juu kwenda chini, na ni nyembamba mno kwa upana, ndiyo maana kona za mwisho wa upande hazizisumbui.

Tazama Ortofon ya Denmark wanavyopanga familia yao ya 2M: Blue ina duaradufu, Bronze ina mstari mwembamba, Black ina Shibata. Audio-Technica nao wana VM95, ambayo napenda kumshauri mtu asiyetaka kuumia mara moja: mwili ni mmoja, unachomoa sindano ya mviringo leo, mwakani unachomeka ya mstari mwembamba au Shibata.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi wenye santuri za dansi zilizochapwa Nairobi. Nyingi zimepita kwenye sindano nzito za mviringo kwa miaka, na ukuta wa mfuo umelika pale pale ilipogusa. Ncha ya mstari inagusa pia sehemu ambazo sindano ya zamani haikuzifikia. Ninayo santuri moja ndogo ya mizunguko 45 niliyokuwa nimeikatia tamaa; kwa ncha mpya gitaa la pili likarudi, likiwa upande wa kushoto, kila mpigo wa kidole unasikika. Nililia, sioni aibu kusema. Ila haitokei kwa kila santuri: mfuo uliochimbwa kabisa hauponi.

Hatua ya 3: Sumaku au koili?

Katika katriji za MM sumaku ndiyo inayotingishwa na sindano. Katika MC ni koili. Koili zenyewe ni nyepesi sana, kwa hiyo sindano inafuata mfuo kwa wepesi, na wengi wanaopanda ngazi huishia huko. Gharama yake ni kwamba umeme unaotoka ni kidogo. 2M Blue inatoa milivolti 5.5. Denon DL-103, katriji ya Kijapani iliyoanza kwa ajili ya utangazaji wa redio miaka ya 1960 na bado inatengenezwa, inatoa 0.3 tu.

MC yangu ya kwanza niliuziwa kwa maneno kwamba itafanya kazi kwenye amplifaya yoyote yenye tundu la santuri. Nilifika nyumbani, nikafunga, nikafungua sauti hadi mwisho: mwimbaji ananong'ona nyuma ya mvumo wa umeme. Ikakaa kabatini miezi saba mpaka nilipopata kilichokosekana: kitu cha kuikuza sauti yake. Basi wewe hesabu kabla. MM inataka kuongezewa nguvu kwa takriban desibeli 40, MC ya kawaida takriban 60. Au tumia transfoma ndogo ya kupandisha: ya 1 kwa 10 inageuza milivolti 0.3 kuwa 3, na tundu lako lenye ukinzani wa kilo-omu 47 katriji inaliona kama omu 470.

Kama bajeti haitoshi kwa katriji na kikuzaji chake, nunua MM nzuri. Nasema hivyo bila kusita.

Hatua ya 4: Hesabu ya mkono

Mkono na sindano pamoja ni kama uzito uliotundikwa kwenye springi. Santuri iliyopinda kwa joto, na huku Pwani zinapinda, inautikisa mkono kwa hezi (mitikisiko kwa sekunde) chache tu. Muziki unaanzia karibu hezi 20. Tunataka mtikisiko wa asili wa mkono ukae katikati, kati ya 8 na 12.

Jumlisha uzito wa mkono unaotajwa kwenye kitabu cha mashine (ule ambao sindano inauhisi), katriji na skrubu zake. Zidisha kwa ulegevu wa sindano (namba ya jinsi inavyonyumbulika, iliyo kwenye maelezo ya katriji), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Mfano: mkono gramu 12, 2M Blue gramu 7.2, skrubu 0.8, jumla 20. Ulegevu wake ni 20. 20 mara 20 unapata 400, kipeuo 20, na 159 kwa 20 ni karibu 8. Inapita.

Angalizo: katriji nyingi za Japani ulegevu wake hupimwa kwa hezi 100, na tarakimu hutoka ndogo. Izidishe kwa 1.5 hadi 2 kabla ya kuitumia.

Hatua ya 5: Kufunga

Waya nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na bluu za kushoto. Zishike kwa kibanio, usizivute. Tumia karatasi ya kupimia pembe, na uzito wa sindano juu ya santuri upime kwa mizani ndogo kama za masonara. Watu hupunguza gramu wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfuo na kuuchimba. Fuata kilichoandikwa kwenye maelezo ya katriji.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Bibi ameniachia santuri za taarabu za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika. Naweza kuzicheza kwa 2M Blue?*

Marahaba mwanangu, na pole. Usizicheze kwa hiyo. Mfuo wa 78 ni mpana. Unataka ncha ya takriban mikroni 75, na ncha ya LP itazama chini kwenye uchafu. VM95 ina sindano yake maalumu kwa 78, inaitwa SP. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa santuri za aina hiyo, na huenda yake imo kati ya hizo, kwa hiyo kabla ya chochote soma kilichoandikwa kwenye karatasi ya katikati.

*Kutoka Muscat: Nimerithi katriji ya Shure ya ami yangu, haijaguswa miaka thelathini. Inafaa?*

Mwili huenda ni mzima. Mpira unaoshika sindano ndani umeshakauka, usiiweke juu ya santuri. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, lakini JICO wa Japani wanatengeneza sindano za kuchomeka kwa miili mingi ya Shure. Tafuta namba ya modeli yako.

*Kutoka Nairobi: Mkono wangu ni gramu 7, na nataka DL-103. Nitakosea?*

Mkono ni mwepesi, ndugu. Saba, katriji 8.5, skrubu 0.5: gramu 16. Ulegevu chukua 10 baada ya kurekebisha. Inatoka hezi 12.6, juu kidogo. Weka bamba la gramu 4 kati ya katriji na kichwa cha mkono, itashuka hadi karibu 11. Hakikisha tu uzani wa nyuma unafika kusawazisha.