Kijana anaogopa kupanda kivuko? Jinsi ya kumsaidia taratibu kwa miwani ya VR

Huku Mwanza kijana anayeogopa maji anateseka kweli jamani, maana bibi yuko Ukerewe, msiba uko Sengerema, shule iko ng'ambo, na kila safari anatafuta pa kulikwepa ziwa. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 wapo wanaozunguka huko ili tu wasipande kivuko cha Kamanga, sawa wanafika, ila kila anapokwepa hofu inazidi kuota mizizi kwa sababu hapati nafasi ya kuona kwamba lile analoliwaza halitokei.

Dawa yake inajulikana, ni kumkutanisha na anachokiogopa kidogokidogo, na miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha picha kama vile uko ndani yake, inasaidia pale mwanzoni ambapo kivuko chenyewe hataki hata kukisikia. Sio kitu cha jana, mwaka 1995 kule Marekani Barbara Rothbaum na wenzake walishachapisha utafiti wa kutibu hofu ya kuwa mahali pa juu kwa njia hii, na 2018 Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford akafanya jaribio la watu 100 wenye hofu hiyohiyo, karibu nusu yao wakavaa miwani, na wengi wa hao wakapata nafuu kubwa. Ila wale wa Freeman walikuwa watu wazima, kwa hiyo mtoto usimpeleke kwa spidi yao.

Kabla ya yote muulize hofu ilianzia wapi. Huku kwetu hilo swali ni zito, kuna familia zilipoteza watu kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba 1996 na ya kivuko cha MV Nyerere 2018. Kama kijana alinusurika ajali au alifiwa, anaota ndoto mbaya, anashtuka-shtuka, picha zinamrudia, hapo weka miwani pembeni kabisa, mpeleke kwa wataalamu wa afya ya akili, hospitali ya Bugando wapo. Mwenye kifafa naye asivae mpaka daktari aseme. Na mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure akitaka mtu wa kuongea naye.

Vifaa: miwani kamili ni bei, ila ile ya kuchomeka simu inatosha kuanzia. Simu iwe na kifaa cha ndani kinachotambua unapoigeuza (gyroscope), kujua kama inacho fungua video ya digrii 360 YouTube halafu geuka nayo, picha isipogeuka hiyo simu haifai. Tafuta video za boti na ufukwe, zipakue mapema kwenye waifai maana zinakula bando vibaya sana. Soma pia umri ulioandikwa na watengenezaji, watoto wadogo wengi hawaruhusiwi.

Halafu kaeni chini muandike ngazi pamoja, yeye ndiye anapanga sio wewe. Kwa mfano kuangalia ziwa kutoka mbali, kusimama gatini, kuwa ndani ya boti iliyofungwa, boti inatembea maji yametulia, mwisho mawimbi. Kila hatua aipe namba ya hofu, 0 hadi 10, na muanze na ya 3 au 4.

Siku ya kwanza akae kwenye kiti kisichozunguka, dakika tano tu. Kabla hajavaa muulize "unadhani nini kitatokea?" na uandike jibu lake kama alivyolisema, labda atasema nitazimia, nitashindwa kupumua. Akiwa ndani muulize namba mara mojamoja, usimwambie "hamna kitu bwana", anaona kipo. Asifumbe macho wala asikushike mkono muda wote, maana hapo atasema nilipona kwa sababu ulinishika. Moyo ukienda mbio ni kawaida, abaki, mara nyingi namba inashuka yenyewe, na hata isiposhuka sana ataona hajazimia. Akisema vua, vua saa hiyohiyo, ila mrudi hatua nyepesi zaidi ili asimalizie kwenye kukimbia. Tofautisha hofu na kichefuchefu cha miwani, akisikia kizunguzungu pumzikeni siku hiyo.

Hatua moja mnairudia mpaka aizoee ndio mnapanda nyingine. Na tafadhali usimfanyie sapraizi, ukimwekea mawimbi bila kumwambia hatakuamini tena.

Sasa wengi wanaishia kwenye miwani, na hapo ndipo kazi yote inapotea, kwa sababu kijana haendi Ukerewe ndani ya simu. Namba za kwenye miwani zikishuka nendeni Kamanga kweli, siku ya kwanza mkae tu muangalie magari yanavyopakiwa, siku nyingine muende mpaka mlangoni mwa kivuko, halafu mvuke na kurudi. Laifu jaketi avae, huo ni usalama wa chombo, na siku ziwa limechafuka ahirisheni, maana kuogopa dhoruba sio ugonjwa. Akishavuka mara kadhaa badilisheni, asubuhi, jioni, siku yenye watu wengi, kisha avuke na rafiki yake bila wewe. Hofu ikirudi baada ya muda msigombane, rudini hatua mbili nyuma muendelee.