Andaa Usiku: Ya Kuweka Sawa Kabla ya Siku ya Kazi kwa Mwenye ADHD

Mwenye ADHD akiamka bila kujiandaa, siku humponyoka kabla hajapiga mswaki. Nasema kwa uzoefu. Hali hii ya ubongo, inayovuruga umakini na utulivu, huanza utotoni. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla mtu hajafika miaka 12. Wengi wetu, hata hivyo, tumefika ukubwani tukiitwa wavivu au kichwa panzi. La kufanya tunalijua. Kuanza ndiko kunakotushinda. Ndiyo maana maandalizi yangu yote nayafanya usiku, na kila kitu nakiweka pale macho yatakapokigonga asubuhi.

Funguo zina msumari wao karibu na mlango, hazina makazi mengine. Pochi na kitambulisho hulala ndani ya kiatu cha kulia, kwa sababu siwezi kuvaa kiatu bila kuvikanyaga. Mke wangu alicheka mwezi mzima. Siku hizi nakuta simu yake kwenye raba zake. Nguo zinyooshwe usiku. Angalia pia LUKU imebaki uniti ngapi, maana umeme ukikata katikati ya kazi nitashika simu kununua tokeni, na nitaibukia kwenye magrupu ya WhatsApp dakika arobaini baadaye, gizani.

Sasa kazi yenyewe. Ukiandika "ripoti ya mauzo" umejiandikia mlima, na asubuhi utaukimbia. Andika kitu ambacho mkono unaweza kukifanya: "fungua faili la Machi, nakili jumla ya wiki ya kwanza". Kisha ifunge hatua hiyo kwenye jambo ambalo litatokea tu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mpango wa namna ya "nikimaliza chai, nafungua faili" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kikaratasi changu nakibandika kwenye chupa ya chai. Mambo matatu, basi. Mengine kumi na saba yakae daftarini.

Andaa na saa. Kwetu kuna nyakati mbili tu, sasa na baadaye, na hiyo baadaye haina umbo. Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Mimi siku mbaya dakika 25 huniogopesha hata kuanza, na nikianza sizimalizi, kwa hiyo naweka 10.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni mtu wa pembeni, na huyo lazima apangwe mapema. Jumanne na Alhamisi nahamishia kompyuta barazani kwa fundi cherehani, jirani yangu. Hajui ninachoandika wala hajawahi kuuliza. Anakanyaga cherehani, mimi nabonyeza. Nikiinuka mara ya tatu, haachi hata kushona: "Umemaliza, kaka, au unatoroka?" Narudi kukaa. Sijui kama ni aibu au ni ule mdundo wa cherehani, ila kazi ya siku nne nyumbani, pale kwa fundi huisha asubuhi moja. Usiku naingiza chaja na daftari kwenye begi, namtumia ujumbe kwamba kesho nakuja. Nikishaahidi, siwezi kujificha.

Kama umeandikiwa dawa, hesabu vidonge wiki moja kabla havijaisha. Methylphenidate, mojawapo ya dawa za ADHD, hudhibitiwa, inataka cheti cha daktari, na si kila duka la dawa linayo. Usiazime ya mtu. Dawa hii huweza pia kukata hamu ya kula, kwa hiyo muulize daktari kuhusu muda wa kula kifungua kinywa chako kizito. Kulala nako ni maandalizi. Simu yangu huchajiwa sebuleni.

Halafu jiandae kuharibikiwa, kwa kuwa kuna siku haya yote yatagoma. Nyuma ya kile kikaratasi cha chupa ya chai nimeandika: "Ukipotea, osha kikombe kimoja, kaa, dakika 10." Jana nilikiosha saa tisa alasiri.