Akiba ya chakula nyumbani: mambo ya kuzingatia kabla ya masika

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga, wilayani Kilwa. Magari ya abiria na ya mizigo yakakwama. Mwezi mmoja kabla ya hapo, maji ya mto Rufiji yalikuwa yamezingira nyumba na mashamba huko Rufiji na Kibiti. Mkasa wa namna hiyo hauhitaji ghala la mwaka mzima. Unahitaji nyumba iweze kula wiki mbili bila mtu kwenda dukani, na hilo liko ndani ya uwezo wa kaya nyingi kuliko tunavyodhani.

Anza na hesabu, maana wengi hununua kwa hofu na mwishowe wanakuwa na sukari kilo kumi na maharage kikombe kimoja. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), likigawa mgao kamili, kwa kawaida hukadiria gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharage au jamii yake, na gramu 25 za mafuta ya kula. Kwa watu watano, siku 14, hiyo ni nafaka kilo 28, maharage kilo 4 na ushee, na mafuta karibu lita 2. Yaani kiroba kimoja cha sembe cha kilo 25, kilo tatu za mchele, na dumu dogo la mafuta. Ongeza chumvi, sukari, majani ya chai, na kitoweo kikavu kama dagaa. Hesabu hii ni ya kushibisha. Ladha utaiongeza mwenyewe.

Weka kile mnachokula siku zote. Chakula cha dharura kisichopikwa hata siku moja katika mwaka kitakaa mpaka kiharibike, na siku ya shida watoto watakikataa. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka: nunua kiroba kipya, kisogeze nyuma, toa cha zamani mkile, na uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila chombo. Hivyo akiba haizeeki na wala haikugharimu mara mbili.

Si kila kitu hukaa sawasawa. Dona ni bora kwa lishe, lakini kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga wake huchacha na kuwa mchungu mapema kuliko sembe. Mwenye kupenda dona aweke mahindi yenyewe, asage kidogo kidogo. Mchele mweupe hukaa kuliko wa kahawia. Ulezi na uwele huvumilia miaka, ndiyo maana wazee wa maeneo makavu waliutegemea ulezi kuliko mahindi. Kanda ya Ziwa wana michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, vinavyoliwa miezi mingi baada ya mavuno bila friji. Maharage hayaozi upesi, ila yakikaa sana yanakuwa magumu na kula moto mwingi. Kwa akiba napendelea choroko, zinaiva haraka. Kwa maharage, loweka usiku kucha.

Adui mkubwa wa yote haya ni unyevu, hasa kwetu pwani. Ukinunua mahindi ya gunia, usimwamini muuzaji kwamba yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza punje mpaka theluthi yake, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Isiponata, bado yaanike siku moja zaidi juu ya turubai, kwa sababu kiwango salama cha kuhifadhi ni chini ya asilimia 13.5. Usianike chini kwenye udongo.

Nasisitiza hili kwa sababu nafaka yenye unyevu huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu. Kuchemsha hakuiondoi, wala kusonga ugali, wala kukaanga. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 maradhi hayohayo yalizuka Dodoma na Manyara. Chambua punje moja moja: zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la njano, zitupe, wala usimpe kuku. Karanga zichambuliwe kwa ukali uleule, pamoja na zile zinazoingia kwenye unga wa lishe wa mtoto. Unga huo usilimbikizwe. Saga wa wiki chache tu.

Baada ya unyevu anakuja mdudu. Dumuzi, yule ambaye wakulima walimpachika jina la Scania, alitokea Amerika ya Kati na akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gunia la mahindi analigeuza vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kama kinga njaa, inamfaa sana: ndani ina mifuko ya plastiki iliyo mizito, unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake, na wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa hewa. Usiwe unafungua kila wiki kuchungulia. Kwa kiasi kidogo, dumu safi, kavu, lililojazwa hadi mdomoni na kufungwa barabara linafanya kazi hiyohiyo. Vidonge vya kufukizia nafaka visitumike kamwe ndani ya nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua binadamu kama inavyoua mdudu.

Vyombo vikae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, na kama mtaa wenu hujaa maji, vikae juu zaidi ya alama ya maji ya mwaka ule mbaya kuliko yote mnaoukumbuka. Kopo lililovimba au lenye kutu iliyopenya, tupa bila kuonja. Chochote kilicholoweshwa na maji ya mafuriko, kama si kopo zima lisilo na tundu, kitupe pia, maana maji hayo yamepita vyooni.

Maji ya kunywa na kupikia ndiyo husahaulika. Kwa watu watano, lita 15 kwa siku ni kiwango cha chini, bila kuoga wala kufua. Wiki mbili ni lita 210, nyingi kwa nyumba ya kupanga; basi weka angalau za siku tatu kwenye madumu yenye vifuniko, na dawa ya kutibu maji kwa zitakazofuata. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike kabla ya kutibiwa. Kipindupindu hufuata mvua hizo.

Nishati pia. Mtungi wa gesi wa akiba, au gunia la mkaa lililowekwa pakavu, na kiberiti ndani ya kifuko cha plastiki. Mvua ikinyesha kishawishi ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima inaweza isiamke. Pikieni barazani.

Mwenye mtoto mchanga ajue kwamba ziwa la mama ndilo akiba salama kuliko zote, kwa hiyo mama anayenyonyesha apewe chakula na maji kwanza. Mwenye mgonjwa wa kisukari au presha aweke dawa za mwezi mmoja kando ya chakula. Fedha taslimu kidogo pia, kwa siku mtandao wa simu ukikatika.

Bei nayo ina majira yake. Mahindi na maharage hushuka baada ya mavuno, takriban Juni hadi Agosti katika mikoa mingi ya Tanzania, na hupanda kuelekea Januari na Februari. Asiyeweza kununua kwa mkupuo aongeze kilo moja kila aendapo sokoni kuanzia Juni. Masika ya Machi yatamkuta anazo kilo zote 28 za nafaka.